Ndege ya kivita ikianguka vitani, lini inastahili makala yake?

Tarehe 11 Julai 1915 ndege ndogo ya Waingereza aina ya Henri Farman ilikuwa ikizunguka juu ya mikoko ya delta ya Rufiji. Ndani yake walikuwamo watu wawili: rubani John Cull, na Harwood Arnold aliyeshika simu ya upepo. Chini yao, ndani ya mto, ilijificha manowari ya Kijerumani Königsberg, ileile iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Zanzibar Septemba ya mwaka uliotangulia. Manowari mbili za Kiingereza zilizoundwa kuelea kwenye maji machache, Severn na Mersey, zilikuwa zimeingia mtoni kuipiga, ila wapiga mizinga wake hawakuiona shabaha kwa jinsi mikoko ilivyoziba. Cull na Arnold ndio waliokuwa macho yao. Kombora likitua, Arnold anagonga ishara za Morse kuwajulisha lilikoangukia. Kisha ndege ikapigwa, injini ikazimika. Rubani akaanza kuishusha kuelekea mtoni, na huku inashuka Arnold aliendelea kugonga marekebisho ya shabaha. Ikaangukia majini karibu na Mersey, mashua ikawafuata, wote wawili wakaokolewa. Siku hiyohiyo Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe, ikakaa matopeni. (Mizinga yake waliing'oa baadaye wakaenda kupigania nayo nchi kavu; mmoja umo Fort Jesus, Mombasa, na mgeni yeyote anaweza kuugusa.)

Ukisoma kisa hiki mara ya kwanza, mkono unawasha kuandika makala ya Wikipedia: "Ajali ya ndege ya Rufiji, 1915". Kina ushujaa, kina tarehe, kina majina, na kimetokea kwetu. Hata hivyo, baada ya kulipima vizuri, mimi nisingeiandika makala hiyo. Jaribu kulitoa anguko hilo ndani ya mapigano ya Rufiji ulisimamishe peke yake: utabaki na injini iliyokufa na watu wawili waliolowa. Uzito wake wote unatoka kwenye Königsberg, mikoko, na makombora yaliyokuwa yanaelekezwa. Mahali pake ni ndani ya makala ya mapigano yale, na pale lipewe aya nzima, majina yakiwa kamili, Arnold akiwa na mkono wake kwenye kifaa mpaka majini.

Swali la ndege ipi ipewe ukurasa wake na ipi itajwe ndani ya ukurasa mwingine huwagombanisha wahariri wa Wikipedia mara kwa mara, na wanaogombana kwa kawaida wote wana nia njema. Mmoja anauliza, watu kumi walikufa, utasemaje hawastahili? Mwenzake anajibu kwamba ndege kama ile zilianguka kila siku, tukiiandikia moja tutaziandikia zote. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Hawaelewani kwa sababu wanapima vitu viwili tofauti kwa neno moja.

Neno lenyewe ndilo la kuanzia. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imezoea kuita kipimo hiki "umaarufu". Kwa sikio la Mswahili, maarufu ni mwimbaji anayejazisha uwanja, mchezaji anayetajwa kijiweni, mbunge mwenye maneno. Kwa maana hiyo hakuna ajali ya kijeshi ya mwaka 1943 iliyo maarufu leo. Muulize abiria yeyote kwenye daladala. Wala kipimo si umuhimu, kwa kuwa kwa mama aliyepokea telegramu ya kifo cha mwanawe hakuna tukio muhimu kuliko hilo duniani. Kinachoulizwa ni hiki: je, watu wasiohusika na tukio, wenye sifa ya kuaminika, walilichunguza na kuliandika kwa kina, kiasi kwamba mhariri anaweza kutunga makala nzima kutokana na maandishi yao bila kujaza mapengo kwa kichwa chake? Mimi napenda kukiita ustahiki. Jambo linaweza kuwa chungu, kubwa na la kweli, lakini lisiwe na ustahiki wa ukurasa wake, kwa sababu tu hakuna aliyeliandika.

Sasa kwa nini ndege za vita zinapimwa kwa ukali zaidi kuliko ndege za abiria? Jibu liko kwenye hesabu. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, katika Vita Kuu ya Pili, ilipoteza watu 55,573 kati ya takriban 125,000 waliorushwa nayo, na ndege zaidi ya 8,000. Ukizigawa kwa siku zote za vita vya Ulaya, Septemba 1939 hadi Mei 1945, unapata karibu ndege nne kila siku kwa karibu miaka sita. Hiyo ni kamandi moja ya nchi moja. Ndani ya Marekani kwenyewe, ambako hakukuwa na adui angani, takriban watu 15,000 wa jeshi la anga walikufa katika ajali, wengi wao wakiwa vijana wanaojifunza kurusha.

Ndege ya abiria ikianguka wakati wa amani, huundwa tume, hutolewa ripoti hadharani, kanuni hurekebishwa, mahakama huitwa, na magazeti huendelea kuandika miaka kadhaa baadaye. Vitani, ndege isiyorudi ni mstari mmoja kwenye daftari. Nasema mstari kwa maana yake halisi. Kila kikosi cha jeshi la anga la Uingereza kilijaza fomu namba 540 na 541. Hiyo ya 541 ina safu za tarehe, aina na namba ya ndege, majina ya waliomo, kazi waliyotumwa, saa ya kuruka, saa ya kutua, na maelezo. Ikitokea ndege haikurudi, saa ya kuruka imepigwa chapa vizuri kama nyingine zote, na upande wa kutua hakuna saa. Kwenye maelezo kuna maneno mawili matatu tu, kwamba haikurudi, haijasikika tangu iruke. Mstari wa chini yake unaanza ndege nyingine, iliyorudi, na karani ameendelea kupiga chapa. Ukisoma kurasa hizo kwa muda, unaanza kuutazama ule upande wa saa ya kutua kabla hujasoma majina.

Daftari lile ni chanzo cha awali. Linathibitisha kwamba tukio lilitokea, na kwa hilo ni la kuaminika kuliko kumbukumbu ya mtu. Lakini jeshi liliandika kila ndege, kwa wajibu wa kazi. Kuandikwa mle hakuonyeshi kwamba mtu wa nje aliona anguko hili lina jambo ambalo maanguko mengine hayana. Ripoti za Wamarekani za askari wa anga waliopotea ni vivyo hivyo, na orodha za makaburi ya vita kadhalika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ndege ya mabomu inaruka usiku kwenda mafunzoni, inagonga kilima kwenye ukungu kaskazini mwa Uingereza, watu saba wanakufa. Mtu anaandika makala na kuweka marejeo manne: kadi ya ajali ya jeshi, orodha ya makaburi, kibao cha kumbukumbu kilichowekwa na wanakijiji, na tovuti ya mpenzi wa ndege ambaye kila Jumapili hupanda vilima kutafuta mabaki. Marejeo manne yanaonekana mengi. Yapime sasa. Kadi na orodha ni vyanzo vya awali. Kibao kinaonyesha upendo wa kijiji, jambo jema, lakini hakina maelezo ya kutungia makala. Yule wa vilimani huenda anajua kuliko maprofesa wote, na mimi nawaheshimu sana watu wa namna hiyo, ila amejichapisha mwenyewe bila mhariri wala mtu wa kumsahihisha. Ukiondoa hayo manne, makala haina miguu. Akitokea mwanahistoria aliyetenga sura nzima ya kitabu kwa usiku ule, mizani inabadilika palepale.

Idadi ya waliokufa, kama unavyoona, haikuingia kwenye hesabu hiyo. Wengi hawakubaliani na hapa, kwa hiyo niweke visa viwili vya Australia kando kwa kando.

Tarehe 29 Septemba 1940, karibu na Brocklesby katika jimbo la New South Wales, ndege mbili za mafunzo aina ya Avro Anson ziligongana angani na kunasana, moja juu ya mgongo wa nyingine. Injini za ile ya juu zilizimika. Za ile ya chini ziliendelea kuunguruma. Leonard Fuller, rubani mwanafunzi aliyekuwa kwenye ndege ya juu, akagundua kwamba usukani wake bado unafanya kazi. Wenzake wakaruka kwa miamvuli. Yeye akayaendesha yale madude mawili yaliyoshikana kwa kilomita kadhaa, akayatua kwa tumbo kwenye malisho. Hakufa hata mmoja kati ya watu wanne. Vitani, ajali isiyoua mtu ni karatasi ya kupachikwa faili na kusahauliwa. Hii ilisambaa magazetini, ikaingia vitabuni, na miongo mingi baadaye watu bado wanaiandika. Makala yake ipo, na kila sentensi ina pa kuegemea.

Kisa cha pili ni cha alfajiri ya 14 Juni 1943. Ndege kubwa ya Kimarekani aina ya B-17, ikitumika kubeba askari, iliruka kutoka Mackay, Queensland, ikiwarudisha vijana New Guinea baada ya likizo ya mapumziko. Dakika chache baadaye ilianguka Bakers Creek. Walikuwamo watu 41, walikufa 40. Hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo katika ardhi ya Australia hadi leo. Na bado, kwa miaka mingi, karibu hakuna aliyejua. Wakaguzi wa habari wa wakati wa vita walizuia isitangazwe. Familia kule Marekani ziliarifiwa tu kwamba ndugu yao amefariki katika ajali ya ndege Kusini-Magharibi mwa Pasifiki, bila mahali, bila sababu.

Hebu fikiria mhariri wa kamusi elezo anayekaa kuandika mwaka 1950 kuhusu Bakers Creek. Ana vifo 40, lakini hana kitu cha kusoma. Kwa kipimo cha ustahiki angeshindwa, na kushindwa kwake kusingemaanisha kwamba wale 40 hawakuwa na thamani. Baadaye watu walichimba. Nyaraka zilifunguliwa, jamaa walitafutana, mnara wa kumbukumbu ukajengwa, vitabu vikaandikwa. Leo makala inaandikika bila wasiwasi. Tukio halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni rafu ya maktaba. Ndiyo maana nasisitiza kwamba jibu la "haistahili" siku zote ni jibu la leo. Kwa upande wa pili, kitu kikishapata ustahiki hakiupotezi kwa sababu watu wamechoka kukizungumzia.

Kipo kipimo kingine kinachosaidia: athari. Tarehe 13 Agosti 1940 ndege ya jeshi la anga la Australia ilianguka karibu na uwanja wa Canberra na kuua wote 10 waliokuwamo. Watatu kati yao walikuwa mawaziri, James Fairbairn, Geoffrey Street na Henry Gullett, na wa nne alikuwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu, Brudenell White. Waziri Mkuu Robert Menzies alipoteza kwa siku moja watu aliowategemea, na mwaka uliofuata hakuwa tena madarakani. Huwezi kuandika siasa za Australia za miaka ile ukairuka ndege hiyo. Vivyo hivyo ndege ya mabomu aina ya B-25 iliyogonga jengo la Empire State, New York, kwenye ukungu wa asubuhi ya 28 Julai 1945. Walikufa watu 14: watatu wa ndegeni na 11 waliokuwa ofisini mwao. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomruhusu raia kuishtaki serikali kuu kwa uzembe wa watumishi wake, na sheria hiyo ikarudishwa nyuma mpaka mwanzo wa 1945 ili iwaguse waathirika wa jengo lile. Ukiwa na athari ya namna hiyo, mjadala unakwisha mapema.

Na mtu mkubwa akifa ndani yake? Hapo pana mtego mdogo. Mtoto wa mfalme wa Uingereza, Prince George, Duke wa Kent, alikufa tarehe 25 Agosti 1942 ndege ya majini aina ya Sunderland ilipogonga kilima karibu na Dunbeath, Scotland, ikielekea Iceland. Kifo chake kina mahali kwenye wasifu wake, na kwa watu wengi wa daraja hilo inatosha kuishia hapo. Ajali ya Dunbeath imepata ukurasa wake kwa kuwa watu waliendelea kuichunguza yenyewe: kwa nini ndege ilitoka kwenye njia, nani alikuwa kwenye usukani, mtu mmoja aliyenusurika alisema nini. Jina kubwa hufungua mlango. Bado utahitaji kitu cha kuweka ndani ya nyumba. Huku kwetu hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano wa juu kabisa. Ndege iliyodunguliwa Kigali usiku wa 6 Aprili 1994, ikiwarudisha Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilifuatwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na miaka mingi ya uchunguzi wa majaji. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeuliza kama inastahili.

Kuna na zile zinazopata ustahiki kwa njia isiyotarajiwa kabisa. B-24 iliyopewa jina la Lady Be Good ilipotea tarehe 4 Aprili 1943 ikirudi Libya kutoka kwenye safari ya kushambulia Naples. Siku hiyo ilikuwa mstari kwenye daftari kama nyingine. Mwaka 1958 watafutaji wa mafuta waliiona katikati ya jangwa, waliofika kwenye mabaki wakakuta redio yake bado inafanya kazi, na baadaye ikapatikana miili ya askari wa anga wanane kati ya tisa, pamoja na shajara iliyoonyesha jinsi walivyotembea mchangani siku baada ya siku. Ajali ya 1943 ilistahili mwaka 1958.

Vita vinavyoendelea sasa ndivyo vigumu zaidi, na hapa ndipo ningependa wahariri wetu wa Kiswahili wawe na subira. Tarehe 25 Februari 2025 ndege ya kijeshi aina ya Antonov ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka kambi ya anga ya Wadi Seidna, Omdurman, Sudan, ikaangukia makazi ya watu. Idadi ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa ndogo. Ikapanda hadi 46, wakiwamo raia na afisa wa ngazi ya juu wa jeshi. Ndani ya saa 24 mashirika ya habari ya dunia yalikuwa yameandika. Mtu akiona marejeo kumi anadhani kazi imekwisha. Ukiyafungua, mengi yanarudia taarifa moja ya jeshi na taarifa moja ya mamlaka ya Khartoum, maneno yakiwa yamebadilishwa kidogo. Hayo ni marejeo kumi kwa macho, mawili kwa uzito, na yote mawili yanatoka kwa upande mmoja wa vita. Mimi ningeiweka kwanza ndani ya makala ya vita vya Sudan, na kwenye orodha ya ajali za mwaka huo, kisha ningesubiri. Akitokea mwandishi aliyekwenda Karari, eneo ilikoangukia ndege, akazungumza na waliopoteza nyumba, au mchunguzi aliyeeleza kilichoiangusha, aya inakua kuwa ukurasa. Kusubiri si kudharau.

Shida ya upande mmoja kusema peke yake ilionekana wazi pia Januari 2024, ndege kubwa ya Urusi aina ya Ilyushin-76 ilipoanguka mkoa wa Belgorod. Urusi ilisema ilikuwa imebeba mateka wa vita 65 wa Kiukreni, na kwamba Ukraine ndiyo iliyoidungua. Ile ilipata ustahiki haraka kwa sababu mvutano wenyewe ulichunguzwa na vyombo vingi huru, lakini kila sentensi ya makala ililazimika kutaja nani amesema. Anayeandika "ilibeba" mahali pa "Urusi ilisema ilibeba" ameshakuwa msemaji wa jeshi bila kujua.

Kuhusu utaratibu, nitapita haraka. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza wanaoshughulikia ajali za anga wana mwongozo, usio sheria, unaotambua kwamba ajali za ndege za kijeshi ni nyingi mno, na unaangalia kwanza kama alikufa mtu mwenye wasifu wake tayari, au kama ajali ilileta mabadiliko makubwa katika muundo wa ndege au uendeshaji wake. Makala ikitiliwa shaka, hupelekwa kwenye mjadala wa siku saba, na yeyote anaweza kuchangia. Watu huandika "ibaki" au "ifutwe", na wageni hudhani ni kura. Hoja ndizo zinazopimwa. Watu ishirini wakisema "ibaki, inasikitisha sana", na mmoja akaonyesha kwamba hakuna chanzo huru hata kimoja, yule mmoja anaweza kushinda.

Na kufuta si njia pekee. Kinachopuuzwa mno ni kuunganisha: maelezo yanahamishiwa kwenye makala ya kikosi, ya uwanja wa ndege, ya kijiji au ya mapigano, na jina la zamani linaachwa kama kielekezi, ili anayelitafuta afikishwe kwenye aya husika. Nimeona watu wakipigania ukurasa kana kwamba aya ndani ya ukurasa mwingine ni matusi. Kinyume chake, kisa cha Cull na Arnold kinasomwa na watu wengi zaidi kikiwa ndani ya mapigano ya Rufiji kuliko ambavyo kingesomwa kikiwa yatima chenye mistari sita.

Najua kinachouma. Anayeandika makala ya namna hii mara nyingi ana picha nyumbani, kijana mwenye kofia ya urubani ambaye hakufika miaka 25. Mhariri anayemwambia "kamusi elezo si mahali pa kumbukumbu za marehemu" anasema kanuni sahihi kwa sauti mbaya. Ningependa tuanze kwa kumpa pole na kumuuliza ana nini mkononi: barua, shajara, cheti? Kisha tumweleze kwamba vitu hivyo ni vya thamani kubwa, ila njia yao ya kufika kwenye kamusi elezo inapita kwa mtu mwingine kwanza.

Hilo linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi. Australia wamepata makala ya Bakers Creek kwa sababu kulikuwa na watu wa kuchimba na wachapishaji wa kuchapa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vimo ndani ya umri wa wazee walio hai. Katika vita vile ndege za kivita za Tanzania zilidunguliwa kwa makosa na askari wetu wenyewe waliodhani ni za Idi Amin, na marubani wakafa. Vitabu vya vita hivyo vinalitaja tukio hilo kwa ufupi. Kwa kanuni ileile niliyoitumia kwa Rufiji, mahali pake leo ni aya ndani ya makala ya Vita vya Kagera, na sitajidai kwamba inatosha kwa ukurasa. Lakini naona uchungu kwamba sababu si udogo wa tukio. Ni uchache wa waliokaa chini na kuandika.

Kama una mzee aliyekuwa mpiga mizinga, fundi wa ndege au mwanakijiji aliyeona chuma kikishuka, kabla hujafungua ukurasa wa kuhariri, kaa naye na rekoda. Muulize tarehe, na kama haikumbuki muulize ilikuwa msimu gani, mahindi yalikuwa yamefika wapi. Muulize ndege ilitoka upande gani, ilitoa mlio gani, nani alifika kwanza, walizikwa wapi, na majina yao yaliandikwaje. Peleka rekodi hiyo kwa idara ya historia ya chuo, au makumbusho, au mwandishi wa gazeti mwenye subira ya kuilinganisha na nyaraka na kuhoji watu wengine wawili. Siku atakapoichapisha, weka toleo lake mezani, fungua makala ya vita husika, na anza na aya moja.